Taarifa ya mtoto si ugomvi wa majirani: barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam

Waheshimiwa viongozi,

Nawaandikia ninyi mliokabidhiwa mkoa huu: Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji, wakurugenzi wa manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na watendaji wa kata. Zaidi ya wote nawaandikia wenyeviti na watendaji wa mitaa, kwa sababu ofisi zenu ndizo mwananchi anazobishia hodi kwanza, na jambo ninalotaka kuwaeleza, taarifa ya mtoto anayeteswa, liliharibikia hapo mlangoni. Nakala naomba imfikie Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum.

Mimi ni mama mwenye duka la rejareja wilaya ya Temeke. Duka lenyewe ni dirisha la nondo: unga robo, sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, kiberiti. Nimekaa nyuma ya nondo hizo miaka 14. Mwenye duka la mtaani huwajua watoto wa mtaa kwa namna yake, maana wanaotumwa dukani ni wao. Namjua anayekuja akiimba njia nzima asisahau alichoagizwa. Namjua anayehesabu chenji mara tatu kabla ya kuondoka, na siku hizi naweza kutofautisha mtoto anayehesabu kwa umakini na anayehesabu kwa hofu. Naijua nyumba inayomtuma mtoto wa miaka saba usiku akanunue sigara.

Miaka mitatu iliyopita alianza kuja dirishani binti wa kama miaka tisa. Jina lake silitaji. Alikuwa ameletwa mjini na ndugu zake wampeleke shule. Shule sikuwahi kuona akienda, maana alikuja kununua saa nne asubuhi, wenzake wakiwa darasani, mgongoni amembeba mtoto mchanga wa nyumba ile. Akifika anasema "shikamoo mama", anataja alichotumwa, ananyamaza.

Siku moja mama wa ile nyumba alinijia juu kwamba mizani yangu inapunja: sukari robo niliyompimia binti imefika pungufu. Nikapima mbele yake, mizani ikawa sawa. Akaondoka amenuna. Jioni ile nikaelewa. Mtoto alikuwa anailamba sukari njiani, kwa njaa. Tangu siku hiyo nikawa nazidisha kidogo kwenye mfuko, na nikimpa andazi alile palepale kabla hajaondoka. Nikaridhika, nikahisi nimetimiza wajibu wangu kwake. Ni jambo ninalolijutia mpaka leo, kwa sababu andazi lilinituliza mimi kuliko lilivyomsaidia yeye.

Halafu nikaanza kuona alama. Mkononi, juu ya kiwiko, mstari uliojikunja kama kitanzi. Nilipomuuliza akasema ameanguka. Wiki mbili baadaye sikio moja lilikuwa limevimba na kugeuka rangi. Baadaye tena mguu ukawa na jeraha la moto, limeishia sawasawa juu ya kifundo kama soksi, na halikuwa limefungwa wala kupakwa dawa. Nilikuwa na daftari la madeni. Kurasa za nyuma nikaanza kuandika tarehe na nilichokiona. Tarehe zilipofika tisa, nikafunga duka saa tano asubuhi, nikatia daftari kwenye mkoba, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwenyekiti alinipokea vizuri. Alinikaribisha kwenye benchi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, nami naamini masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Kisha akamwita mjumbe: "Hebu kamwite huyo mama aje na mtoto, tuyamalize." Hata nusu saa haikupita, nikawa nimekaa benchi moja na mwanamke niliyekwenda kumtolea taarifa. Mtoto akasimamishwa katikati. Akaulizwa mbele ya yule mama, mbele ya mjumbe, na mbele ya watu wawili waliofuata barua za utambulisho: "Eti mama anakupiga?"

Akasema hapana, nilianguka.

Basi ikaisha. Tukaambiwa sisi ni majirani, tushikane mikono, tusameheane. Nilimshika mkono. Daftari halikutoka mkobani, maana hakuna aliyeliulizia. Haikuisha wiki, binti hakuonekana tena. Nilipouliza niliambiwa amerudishwa kijijini. Mpangaji mwingine wa nyumba ileile akaninong'oneza kwamba alipelekwa kwa watu wengine kufanya kazi, sehemu nyingine ya jiji. Mpaka leo sijui lipi ni kweli. Mkoa huu, kwa sensa ya 2022, una watu 5,383,728. Mtoto mmoja akihamishwa nyumba usiku, nani atajua alikoingia?

Waheshimiwa, yule mwenyekiti sina chuki naye. Alifanya kile anachofanya kwa kila shauri linaloingia ofisini kwake: ukuta uliosogezwa, maji machafu yanayopita uani kwa mtu, kodi ya chumba, mke na mume waliotukanana. Kuita pande mbili, kusikiliza, kupatanisha. Kwa mambo hayo tunamshukuru, maana ametuepusha na mahakama mara nyingi. Ila mtoto hana upande kwenye benchi lile. Atarudi kulala kwa mtu anayemshtaki. Chakula chake, nguo yake na usiku wake vimo mikononi mwa mtu huyo. Ukimuuliza mbele yake unakuwa umekwisha kumchagulia jibu.

Na sheria haikumpa mwenyekiti kazi ile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu mwenye uwezo anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu au nafasi ya kucheza, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Nasisitiza neno wajibu. Nilipofunga duka siku ile nilidhani nakwenda kuomba hisani, kumbe nilikuwa natimiza sheria, ingawa nimechelewa. Kisha sheria hiyohiyo inamtaja anayetakiwa kumwita mtu aliyelalamikiwa na kuamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto: ni afisa ustawi wa jamii. Mtu huyo akikaidi, shauri linakwenda mahakamani. Na pakiwa na sababu za kushuku ukatili, afisa huyo ndiye anayeweza kuongozana na polisi kuingia nyumbani kuchunguza. Kazi ya ofisi ya mtaa ilikuwa kunipokea, kuandika, na kumpigia afisa ustawi wa kata au wa manispaa. Basi.

Nimeongea na watu wengi tangu wakati huo, walimu na manesi wanaonunua kwangu, na kina mama wa vikoba. Karibu kila mmoja ana kisa chake cha "kuyamaliza". Vingine vinatisha kuliko changu. Wapo waliosimulia mtoto aliyeingiliwa na mtu mzima, wazee wakakaa, fedha zikatolewa, karatasi ikaandikwa. Naomba hili lisemwe wazi katika kila kikao cha mtaa: kosa hilo halina msamehevu mtaani. Kwa Kanuni ya Adhabu, anayembaka mtoto wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Shangazi hawezi kulimaliza, mjumbe hawezi kulimaliza, wala muhuri wa serikali ya mtaa hauna nguvu hiyo. Anayeandika karatasi ya makubaliano juu ya jambo kama hilo anamsaidia mkosaji kutoroka.

Na saa zinazopotea kwenye kikao hicho zina hesabu yake. Dawa za kumkinga mtoto na maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Kikao kikiitishwa Jumamosi, kikaahirishwa kwa sababu baba mdogo yuko Mkuranga, kikarudi Jumanne, saa 72 zimekwisha na mtoto hajaonwa na daktari. Bado mama yake, kwa kutaka kumfariji, amekwisha kumwogesha na kufua nguo zake, na ushahidi umekwenda na maji. Hili hatulijui mitaani. Nilikuwa silijui. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au bahasha, si kwenye mfuko wa nailoni unaozivundisha. Apelekwe hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, kama kile cha Amana, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, asipelekwe huku na huko kurudia maneno yaleyale. Fomu ya polisi, ile PF3, ni muhimu kwa kesi, ila mtoto anayetoka damu atibiwe kwanza. Naomba hospitali zetu zote ziambiwe hivyo kwa maandishi.

Hoja ninayoisikia zaidi nikisema haya ni kwamba tutawaharibu watoto, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimelelewa na methali hiyo na siitupi. Nami nina watoto watatu na nimewakanya. Lakini wahenga walisema kulia. Hawakusema kuunguza, wala kulaza njaa. Sheria yenyewe imepiga marufuku mateso na adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Imeacha nafasi ya kumrekebisha mtoto, kisha ikaiwekea mpaka: marekebisho yakizidi umri wake, hali ya mwili wake au akili yake, hayana uhalali, na hayana uhalali kabisa kwa mtoto mdogo asiyeweza kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayechapwa kwa kujikojolea anafundishwa nini?

Naomba pia tufundishwe kuona, maana macho tunayo na bado tunapitwa. Mtoto anayecheza huumia. Magoti, ugoko, viwiko, kipaji cha uso: hapo ndipo anapoangukia, na mtoto asiye na kovu hata moja la goti sijui kama amecheza. Lakini masikio hayaangukiwi kirahisi. Mgongo, makalio, tumbo, upande wa ndani wa mapaja, shingo: alama zikiwa huko, uliza. Alama yenye umbo la kitu, waya uliokunjwa, mkanda, mwiko, kidole, uliza. Jeraha la maji ya moto la mtoto aliyevuta sufuria hurukaruka, huku tone na kule tone. La mtoto aliyetumbukizwa lina mpaka ulionyooka, kama lile la binti yangu wa dirishani. Mchubuko kwa mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa haufai kupuuzwa, kwa sababu bado hawezi kwenda popote akajigonga. Na sikiliza maelezo: yakibadilika kila anapoulizwa mtu mwingine, au yasipolingana na jeraha, hapo pana jambo.

Kuna yasiyoacha kovu pia. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena. Aliyekuwa mchangamfu akawa kimya ghafla. Anayeganda akimwona mtu fulani, hata kama mtu huyo anacheka na kila mmoja. Anayejua mambo ya watu wazima ambayo umri wake haujayafikia. Mwenye zawadi zisizo na maelezo, simu, chipsi za kila jioni, nauli ya bajaji, kutoka kwa "anko" ambaye hakuna anayejua ni anko wa upande gani. Hakuna moja kati ya haya linalotosha kumhukumu mtu. Yanatosha kumfanya mtu mzima aende akaseme kwa anayejua kuchunguza. Mimi kazi yangu haikuwa kuthibitisha. Nilijichelewesha miezi mitatu nikitafuta uhakika usiokuwa wangu kuutafuta.

Na mtoto akikuamini akakuambia mwenyewe, kuna namna ya kumpokea. Msikilize mpaka amalize. Usimwekee maneno mdomoni, usimuulize "ni fulani, eeh?" Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana itabidi umwambie mtu, naye ataona umemdanganya. Mwambie amefanya vizuri kusema na kosa si lake. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Usikimbilie kumkabili unayemshuku, kwa sababu atakayelipa usiku huo ni mtoto.

Neno la mtoto lina uzito kuliko tunavyodhani. Watu wengi wananiambia "mtoto hana ushahidi". Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto wa umri mdogo kutoa ushahidi baada ya kuahidi kusema kweli na si uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake. Mahakama imekubali kumsikiliza mtoto kwa utaratibu na kwa staha. Inakuwaje mtaani tunamwuliza kwa sentensi moja, hadharani, mbele ya anayemtesa, halafu tunalichukua jibu lake kuwa la mwisho?

Sasa nije kwenye jambo ambalo viongozi wasipolitenganisha vizuri, barua hii inaweza kuwaumiza wasio na hatia. Umaskini si ukatili. Nyuma ya duka langu kuna mama anayeuza samaki. Saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda Feri. Ana watoto wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili, na kwa muda mrefu aliwafungia chumbani kwa kufuli, amewaachia uji kwenye chupa na ndoo pembeni, mpaka arudi saa nne. Ukimwona kwa haraka utasema huyu mama amewatelekeza. Ukikaa naye utakuta ni mwanamke aliyewekwa kati ya njaa na kufuli. Sheria yenyewe inaposema juu ya kutomhudumia mtoto inamtaja yule aliye na uwezo na anakataa. Huyu hakatai. Lakini hatari ni ileile: mshumaa ukianguka, moto hauulizi nani maskini. Alichohitaji si polisi, ni mahali pa kuwaacha wanawe saa kumi alfajiri kwa fedha anayoweza kuilipa. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo mitaani kwetu, ila vingi hufungua saa moja na nusu, na vile vya bei ya chini baadhi yake ni chumba kimoja, dada mmoja na watoto ishirini, bila usajili wala mtu wa kuvikagua. Serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26. Naomba manispaa zetu ziichukue hoja hii ya saa za alfajiri kwa uzito. Kariakoo, Feri, Ilala, Mabibo, Buguruni: masoko haya yanaamshwa na wanawake wenye watoto wadogo. Kukiwa na chumba cha kulelea watoto karibu na kila soko kubwa, chenye mlezi aliyefundishwa na kinachofunguliwa kabla ya jua, kesi nyingi za kutelekeza mtoto hazitazaliwa. Kwa maoni yangu hiyo ni kinga kubwa kuliko mabango yote ya Siku 16 za kupinga ukatili.

Yule jirani, kwa taarifa yenu, siku hizi huniachia watoto wake. Wanalala nyuma ya magunia mpaka kunapambazuka. Mimi si kituo na sina leseni, na siku nikiugua sijui itakuwaje.

Ukubwa wa tatizo hamuhitaji kuambiwa nami. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ukishirikisha serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uligundua kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 hivi kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walipigwa au kuumizwa mwili. Baada yake yamekuja mambo mengi mazuri: madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA) wenye kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya mtaa, madawati ya ulinzi wa mtoto mashuleni, na simu namba 116 ya kutoa taarifa za watoto, ambayo ni bure. Nimezijua zote hizi baada ya binti kupotea. Ofisini kwetu, siku ile, ukutani palikuwa na bei ya barua ya utambulisho na tangazo la usafi wa mazingira. Namba 116 haikuwepo. Kama kamati ya mtaa ilikuwepo, hakuna aliyeitaja.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji bajeti kubwa. Kila ofisi ya serikali ya mtaa katika mkoa huu iwe na daftari la taarifa za watoto, linalofungiwa kabatini, na mtoa taarifa apewe namba ya taarifa yake ili akirudi baada ya wiki aweze kuulizia. Ibandikwe ukutani namba 116, simu ya ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa, na ya dawati la polisi lililo karibu. Taarifa imfikie afisa ustawi siku hiyohiyo. Jina la aliyeleta lisitamkwe. Tangu 2015 tuna sheria ya kulinda watoa taarifa, lakini sheria hiyo haina maana kama mjumbe anatumwa kumleta mtuhumiwa akakae nami benchi moja. Mtoto asihojiwe pale ofisini kabisa. Na wakurugenzi watoe waraka, kwa lugha fupi ambayo mwenyekiti ataisoma mwenyewe, unaokataza mashauri ya ukatili wa watoto kusuluhishwa mtaani, na kusema hatua gani zitachukuliwa kwa atakayekaidi. Najua maafisa ustawi wenyewe ni wachache na wengi wanatembea kwa nauli zao. Kwao naomba usafiri na vocha kabla ya semina nyingine yoyote.

Kwa mtoto anayeishi kwa ndugu naomba jambo la pekee. Mtaani tunaandikisha wapangaji wapya. Basi mtoto anapoletwa kutoka kijijini kukaa kwa shangazi, mjomba au "mama mkubwa", mtaa umwandikishe pia: umri, mwenye kumlea, shule atakayosoma. Baada ya mwezi mtu apite aulize kama anasoma. Na anapoondoka, iandikwe ameondoka kwenda wapi na kwa nani. Sitaki kuwatia shaka ndugu wanaolea watoto wa wenzao kwa mapenzi. Nami nimelelewa na mama mdogo, na bila yeye nisingejua kusoma. Yeye asingeogopa kuulizwa ninasoma wapi.

Baada ya siku ile yule mama aliacha kununua kwangu, na kwa miezi kadhaa niliitwa mmbeya na mvunja nyumba za watu. Wateja wengine walihama. Haya yamepita, na sikuyaandika ili nionewe huruma. Nimeyaandika kwa sababu kuna watu mitaani wanaona ninayoyaona na wamenyamaza, na sababu yao ni hii. Wameshuhudia kilichonipata.

Daftari langu ninalo. Kurasa za nyuma zina tarehe tisa, na kila tarehe ina nilichokiona na saa niliyokiona. Nyumba aliyokuwa akiishi haijahama, na watu walewale wamo ndani. Binti sasa anakaribia miaka 12. Mimi nimemtafuta kwa namna mwenye duka anavyoweza, kwa kuuliza wapita njia. Afisa ustawi akiwa na polisi anaweza kubisha hodi pale na kuuliza yuko wapi. Akinihitaji, duka nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nalifunga saa tatu usiku, na daftari nitampa.

Wenu,
Mama mwenye duka, Temeke